Tumbo Walilipunguza, Hamu Wakaniachia

Mara ya kwanza mwili wangu kuniadhibu kwa ajili ya sukari ilikuwa jioni moja ya Ramadhani ya mwaka 2020, katika jiko la mamangu, Mji wa Kale wa Mombasa, miezi minane kasoro baada ya upasuaji wa kupunguza tumbo niliofanyiwa Nairobi. Nilikula kaimati tatu. Naikumbuka idadi yake kwa sababu nilikuwa nimejiruhusu moja, nikaila nimesimama kando ya karai. Ya pili niliichukua nikijiambia kwamba ile ya kwanza ilikuwa ndogo. Na ya tatu sikujiambia chochote, niliila tu. Shira ilikuwa bado ya moto, imetiwa iliki, na gamba la nje lilipasuka kwenye jino vilevile nilivyolizoea tangu utotoni.

Haikutimia robo saa, moyo ukaanza kunienda mbio. Jasho lilinitoka mgongoni na juu ya mdomo, tumbo likanisokota, macho yakaingia kiza, nami nikajilaza sakafuni kwa kuwa saruji ilikuwa baridi na haya ilikuwa imeshaniondoka. Wakati huo korona ndiyo iliyokuwa mdomoni mwa kila mtu. Mama, ambaye alikuwa ukumbini, aliponikuta katika hali ile alirudi nyuma, akaitafuta barakoa yake, akaivaa kwanza, kisha ndipo akapiga magoti kando yangu na kunishika mkono. Hadi leo tunamtania kwa barakoa ile. Sikumwambia kwamba ni kaimati. Nilimwambia ni joto.

Upasuaji niliofanyiwa ni ule wa kukipitisha chakula njia ya mkato: daktari hutenga kifuko kidogo kwenye sehemu ya juu ya tumbo, chenye ukubwa unaokaribia yai la kuku, akakiunganisha moja kwa moja na utumbo mdogo, huku sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo ikibaki mwilini bila kupitiwa na chakula. Kwa mtu mwenye tumbo zima, vitu vitamu hushuka kidogo kidogo, kwa kuwa mlango wa chini wa tumbo huvizuia na kuvitoa kwa kipimo. Kwangu mlango huo haumo njiani tena, kwa hiyo shira yote ilimiminika utumboni kwa mkupuo, ikavuta maji kutoka kwenye damu, na mwili ukataharuki. Wauguzi huiita hali hiyo dampingi. Aghalabu huja ndani ya nusu saa baada ya kula, na pengine hurudi kwa sura nyingine baada ya saa moja hadi tatu, mwili unapokuwa umetoa insulini kupita kiasi na sukari ya damu ikaporomoka. Haya yote nilikuwa nimeelezwa kabla ya kupasuliwa, na nikatia sahihi kwamba nimeelewa.

Nilipolala kwenye meza ya upasuaji mwezi wa Septemba mwaka 2019 nilikuwa na miaka 41, kilo 128 kwa urefu wa sentimita 160, na kisukari cha miaka tisa ambacho kilikuwa kimenifikisha kwenye sindano za insulini. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari, kazi ya kusimama, na ilikuwa imefika mahali ambapo nilikuwa nikifundisha kipindi cha dakika arobaini nimekaa, wanafunzi wakiniandikia ubaoni. Wiki chache baada ya upasuaji daktari alinisimamisha insulini. Kilo zilianza kuteremka kila wiki, na, jambo lililonishangaza kuliko yote, sikutamani kitu. Nilipita mbele ya viazi vya karai kama mtu apitaye mbele ya duka la vyuma. Daktari alinieleza kwamba baada ya upasuaji wa namna hii homoni za utumbo zinazoleta shibe hupanda sana mtu anapokula, mojawapo ikiwa GLP-1, ile ile inayoigwa na sindano mpya za kupunguza uzito zinazozungumzwa siku hizi. Akaongeza kwamba hali hiyo isinidanganye, kwa kuwa mwaka wa kwanza ni wa kujenga mazoea na wala si wa kujisifu. Mimi nilijisifu. Nilimpigia simu dada yangu nikamwambia kwamba ule ugonjwa wangu wa kupenda kula umekatwa pamoja na tumbo.

Niruhusiwe hapa kuleta mambo ya darasani, kwa sababu ndiyo yaliyonisaidia baadaye. Kiswahili kinatenganisha njaa na hamu, na kinatenganisha hamu na uchu. Njaa ni ya tumbo. Mtu mwenye njaa hula kilichopo, hata kikiwa ugali wa jana. Hamu huchagua. Ina jina la chakula, ina saa yake, na mara nyingi ina sura ya mtu aliyekuwa akikupa chakula hicho. Uchu ni hamu iliyokaa muda mrefu bila kutimizwa hata ikageuka kuwa namna ya kiu, na wazee wetu walilitumia neno hilo hasa kwa mtu aliyekosa kitoweo siku nyingi. Kisha yako maneno ulafi na uroho, ambayo si majina ya maumivu bali ni matusi. Upasuaji uliiondoa njaa yangu kwa kiasi kikubwa, hilo nalishuhudia. Hamu haikuguswa na kisu, ilikuwa imelala tu, na ilipoamka sikuitambua kwa sababu jina pekee nililokuwa nimezoea kuipa ni ulafi. Na mtu hawezi kwenda kliniki akamwambia mganga kwamba amekuja kwa sababu yeye ni mlafi.

Iliamka katika Ramadhani ile ya 2020, na mazingira yenyewe yalikuwa kana kwamba yametengenezwa kwa ajili hiyo. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi. Kafyu ilianza saa moja usiku. Kisha, mnamo tarehe 6 Mei, serikali ikatangaza kwamba hakuna kuingia wala kutoka Mji wa Kale, na vichochoro vyetu vikawekewa vizuizi. Mamangu, ambaye tangu baba alipofariki alitulea kwa kuuza mahamri, viazi vya karai na kaimati barazani pake, alipoteza wateja wake wa nje. Lakini mikono iliyozoea kukanda unga kila alfajiri kwa zaidi ya miaka thelathini haikujua kukaa. Aliendelea kupika, kidogo kuliko zamani, na kilichopikwa kilibaki ndani. Mimi nami sikuwa nafunga mwaka huo kwa amri ya daktari, kwa kuwa mtu mwenye kifuko cha ukubwa ule hawezi kunywa maji mengi kwa mara moja na kukosa maji mchana kutwa kungeniletea madhara. Kwa hiyo mchana, wakati nyumba nzima imefunga, mimi nilikuwa peke yangu mwenye ruhusa ya kuonja chumvi na sukari. Sitasahau uzito wa ruhusa ile.

Baada ya kisa cha sakafuni niliogopa sukari, nikadhani nimepata mlinzi wa kudumu. Niliwahi kumwambia mwenzangu mmoja wa Kisumu, tuliyefahamiana wodini na ambaye bado tunapigiana simu, kwamba dampingi ni neema, kwa kuwa inamfunga mtu mikono. Alinijibu kwamba yeye alifanyiwa upasuaji huohuo na anakula keki bila kupata chochote. Watu hawako sawa katika jambo hili, na hata mtu mmoja hayuko sawa mwaka wa kwanza na mwaka wa tatu. Hilo niliambiwa pale, nikalisikia kwa sikio moja. Kilichokuja kunishinda hakikuwa kitamu hata kidogo.

Mtu yeyote aliyewahi kupunga upepo Mama Ngina, kando ya bahari hapa Mombasa, pale tunapopaita Laithaus, anazijua krispi za muhogo. Zinakaangwa mbele yako kwenye karai pana, zinaopolewa zikiwa nyembamba kama karatasi, zinatiwa kwenye mfuko mdogo, kisha zinanyunyiziwa chumvi, pilipili ya unga na ndimu. Mwaka 2021 kalenda ya shule ilibanwa ili kufidia miezi iliyopotea, mihula ikafupishwa, nasi tukawa tunasahihisha mitihani kama watu wanaokimbia mvua. Jioni nilikuwa nikipita Laithaus na walimu wenzangu wawili, tukikaa ukutani tunatazama meli zinazoingia Kilindini, na kila mmoja ana mfuko wake. Zilikuwa na sifa tatu zilizonihadaa: hazina sukari, kwa hiyo moyo haukwenda mbio, ni kavu na husagika mdomoni hadi zikawa kama uji, kwa hiyo zilipita kwenye kifuko bila kukijaza, na mfuko wenyewe ni mdogo, kwa hiyo haukufanana na kula. Kipande cha samaki wa kuchoma cha ukubwa wa kiganja kingenishibisha hadi usiku. Mifuko miwili ya krispi ilipita kana kwamba sikutia kitu, na nyumbani nilikuwa nikibeba wa tatu, wa kusahihishia.

Nilikuwa nimefika kilo 81. Miezi saba baadaye mizani ya kliniki ilisoma 89. Mtaalamu wa lishe, dada mmoja mpole aliyekuwa na umri wa kuwa mwanafunzi wangu wa zamani, aliniuliza ninakula nini, nami, mwalimu niliyewahi kuwaadhibu watoto kwa kusema uongo, nikamhesabia mayai, pojo, samaki na mtindi, vitu ambavyo kweli nilivila, nikaziacha krispi nje ya hesabu. Alinitazama kidogo. Kisha akasema, kwa adabu kubwa, kwamba mama yake pia ni wa Mombasa na kwamba huko kwao hakuna jioni isiyo na kitu cha karai. Sikujibu, nilianza kulia, na katika kulia ndipo nikasema.

Yule dada hakunipa orodha ya vyakula vya haramu. Orodha nilikuwa nayo tayari, karatasi niliyopewa siku ya kutoka hospitalini, iliyoandikwa kwa ajili ya watu wanaokula brokoli na nyama ya bata mzinga, isiyokuwa na neno hata moja juu ya muhogo, tui la nazi au chai ya maziwa. Alichonipa ni kazi ya nyumbani. Alinitaka ninunue daftari, na kila hamu inapokuja, iwe nimeishinda au imenishinda, niandike saa, mahali, chakula nilichokitaka kwa jina, nilikuwa na nani, na jambo gani lilitangulia. Nilitumia daftari la kurasa 96 la wanafunzi. Ninalo hadi leo, na baadhi ya mistari yake inasomeka hivi: "Saa kumi na nusu, ofisi ya walimu, baada ya kikao, krispi za pilipili. Saa nne usiku, baada ya simu ya kaka kuhusu shamba, mkate na siagi. Saa kumi na robo, njiani, mahamri, hakuna kilichotokea."

Katika wiki tatu niliandika mara 31, na nilipoulizwa ni mara ngapi tumbo lenyewe lilikuwa tupu, nilihesabu sita. Zilizobaki zilijikusanya, zaidi ya nusu yake, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Nilidhani ni uchovu wa kazi, lakini hata Jumapili ilikuwa vivyo hivyo. Ilinichukua siku kadhaa kukumbuka kwamba saa kumi ndiyo saa ambayo mamangu, tulipokuwa wadogo, alikuwa akiiteremsha meza yake ya barazani, akihesabu pesa, na kama siku ilikuwa njema alikuwa akituita ndani na kutugawia yaliyobaki. Siku mbaya hayakugawiwa, yaliwekwa ya kesho. Kwa hiyo mahamri ya saa kumi yalikuwa na maana moja kwetu: leo tumepata, Mama amefurahi. Nilikuwa na miaka 43 nikiwa bado naingoja meza iteremshwe.

Kulijua hili hakukuiondoa hamu, na nasema hivyo kwa sababu nimekutana na watu wanaoamini kwamba ukishaijua asili ya jambo, jambo lenyewe huisha. Saa kumi ilifika kesho yake kama kawaida. Kilichobadilika ni kwamba nilijua itafika, kwa hiyo niliweza kuitangulia. Sasa saa tisa na nusu, kabla ya kutoka shuleni, nakula mlo mdogo ambao nimeubeba asubuhi: mayai mawili ya kuchemsha, au kipande cha samaki aina ya changu, au kikombe cha mtindi usio na sukari. Mtu wa hali yangu anatakiwa apate angalau gramu 60 za protini kwa siku, na yai moja lina gramu sita hivi, kwa hiyo hesabu haitimii bila kupanga. Nakula polepole, natafuna hadi kikawa laini, na sinywi maji hadi nusu saa ipite, kwa sababu maji hukisukuma chakula kitoke kwenye kifuko upesi na shibe ikatoka nacho. Ninapofika barabarani saa kumi, hamu inanikuta tayari nimekaliwa na samaki. Huzungumza, lakini huzungumza kwa sauti ya chini.

Yapo mengi niliyoyajaribu yasifae. Niliapa kwamba sitaonja tena kitu cha karai maishani, na kiapo kile kilidumu siku kumi na moja kisha kikavunjika vibaya, kwa sababu aliyevunja kiapo hujiona hana tena cha kulinda. Nilinunua biskuti zilizoandikwa kwamba hazina sukari, nikazila pakiti nzima kwa kuwa zimeandikwa hivyo. Nilijaribu kutafuna mabuyu ili mdomo ushughulike, nikasahau kwamba mabuyu yetu yamevishwa sukari nyekundu hadi ulimi unatoa ushahidi. Kilichonifaa zaidi ya vyote hivyo kilikuwa kumwambia muuzaji wa krispi. Alikuwa amenizoea, akiniona tu kwa mbali ananitilia mfuko na kuzidisha ndimu, na mimi nilikuwa nikiona aibu kuukataa mfuko uliokwisha kufungwa kwa jina langu. Siku niliyomwambia kwamba daktari amenikataza, alicheka, akafuta mikono kwa kitambaa, akaniambia: "Mwalimu, mimi mwenyewe sizili hizi. Nayajua mafuta yake."

Harusi ni mtihani wa aina yake, kwa kuwa kwetu biriani huliwa kwenye sinia, wanawake wanne au watano mmezunguka, na mkono unaopumzika huonekana. Mtu akila sahani yake anaweza kuacha. Kwenye sinia kuacha ni kama kuwasusia wenzako. Niligundua kwamba nikikaa kando ya khale yangu mmoja, yaani dada wa mama, ambaye anakula vizuri na kuzungumza vizuri zaidi, hakuna anayeutazama mkono wangu. Naanza na nyama, naifuata na kachumbari, wali nauchokoa pembeni kidogo, na ninapohisi ule mkazo chini ya kifua unaoniambia kwamba kifuko kimejaa, nawasogezea wengine vipande vizuri vilivyo mbele yangu. Hakuna anayemlaumu mtu anayegawa nyama. Khale huyohuyo, hata hivyo, ndiye aliyenitazama katika harusi ya kwanza niliyohudhuria baada ya kupungua akasema mbele ya watu, "Mwanangu, umekwisha," na nikajua anachokidhania, kwa kuwa kwetu mtu mzima akikonda ghafla watu humtafutia ugonjwa. Usiku ule nilikula kashata sita. Daftari lilikuwa bado halijanunuliwa, lakini nalijua ningeandika nini.

Nimemweka Mama mwishoni, na si kwa sababu mambo yake ni madogo. Kwa mwaka mmoja na nusu nilimficha karibu kila kitu. Yeye alichokiona ni kwamba bintiye amelipa pesa nyingi ili akatwe tumbo, na sasa anakikataa chakula cha mikono iliyomlea. Hakugomba. Alikuwa akiniwekea tu: sahani imefunikwa kwa kawa, chai iliyokwisha tiwa sukari, na swali lake la siku zote, "Umekula?" ambalo kwetu halina maana ya kula peke yake. Mara moja tu alinikuta nimesimama mbele ya karai nikitazama mahamri yanavyovimba, akaniambia kwa Kimvita chake, "Weye wala kwa mato." Mato ni macho, na wala ni unakula, kwa wasioijua lahaja yetu. Alikuwa akinitania, lakini nilikwenda chumbani nikafunga mlango, kwa sababu lilikuwa neno la kweli kabisa na lilikuwa limesemwa na mtu ambaye sikuwa nimemwambia lolote.

Jioni niliyorudi kutoka kliniki na zile kilo 89 ndiyo niliyomweleza. Nilianza na kaimati tatu za korona, nikaja hadi krispi, hadi uongo nilioanza nao mbele ya yule dada wa lishe. Nilimchorea hata kifuko chenyewe nyuma ya bahasha. Alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo hakuna daktari aliyewahi kuniuliza: je, nikila chakula chake nikashiba kwa vijiko vitano, utamu wake naupata wote au naupata nusu? Nilimwambia kwamba naupata wote, na kwamba baada ya kijiko cha tatu hauongezeki. Akasema, "Basi." Siku iliyofuata alinitumia kwa mtoto wa jirani samaki watatu wa kuchoma, tasi, bila wali.

Mwaka wa tatu, baada ya vipimo, daktari aliniruhusu kufunga, na kila mwenye hali kama yangu hana budi kumuuliza wake kwanza. Nilikuwa naiogopa futari kuliko njaa ya mchana, kwa sababu meza yetu ya Ramadhani ni ya tambi za sukari, viazi vya nazi, sambusa na vibibi, vyote kwa pamoja. Ikanidhihirikia kwamba desturi yenyewe imenipangia kazi: tende moja, funda chache za maji, kisha Magharibi. Ninapotoka kwenye mswala nusu saa inakaribia kutimia tangu ninywe, nami nakaa mezani na kuanza na samaki. Tende moja mwili wangu unaivumilia. Ya tatu haivumilii, nimeshajaribu. Baada ya tarawehe nakunywa maji kidogo kidogo hadi usingizi, kalenda ya vidonge vyangu ikiwa ukutani: B12, chuma, kalsiamu na vitamini D, ambavyo nitaviamkia maisha yangu yote, kwa kuwa ile njia ya mkato inaviruka vitu hivyo pia.

Leo nina kilo 84. Zile tatu nilizobaki nazo juu ya 81 nimeacha kuzifukuza. Zipo wiki ambazo sina la kuandika daftarini, na zipo jioni, hasa za kusahihisha, ambapo naandika mistari minne kabla ya kulala, na mmoja kati yake unaanza kwa neno "nimekula".

Ramadhani iliyopita nilikuwa jikoni na Mama, yeye kwenye kigoda, mimi nikimshikia bakuli la shira. Magoti yake hayamruhusu tena kusimama, kwa hiyo karai limeteremshwa chini, kwenye jiko la makaa. Aliopoa kaimati za kwanza, akazitia zote kwenye shira isipokuwa mbili, ambazo aliziweka pembeni kwenye kisahani, kavu, zikitoa mvuke.

"Hizi zako," akasema. "Hizi hazikuoga."

Baada ya swala nilikula samaki kwanza, kisha nikaichukua moja. Niliikata kwa vipande vinne kwa kisu cha matunda, nikaitafuna polepole, na gamba lake lilipasuka vilevile. Ya pili niliitazama kwa muda, nikamsogezea kisahani. Mama aliichukua kwa vidole, akaitumbukiza kwenye shira, akaigeuza mara mbili, akaila yeye.